Hatari + fursa = mgogoro? Maneno ya Kichina na Kijapani hayajumlishwi hivyo

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya ujasiriamali, au hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kuna uwezekano umekutana na hii. Mzungumzaji anaonyesha alama mbili za Kichina, 危机, halafu anasema: "Neno la Kichina la 'mgogoro' limeundwa na maneno mawili, 'hatari' na 'fursa'. Wachina wanajua!" Ukumbi unapiga makofi. Kisha unaambiwa kwamba na wewe, biashara ikiyumba au kazi ikiisha, usiogope, hiyo ni fursa.

Ushauri wenyewe unaweza kuwa mzuri au mbaya, huo ni mjadala mwingine. Sisi tunauliza swali dogo tu: je, ni kweli? Maana mtu anayeambiwa akakope hela, eti kwa sababu lugha ya Kichina imethibitisha kwamba mgogoro ni fursa, ana haki ya kujua kama Kichina kimesema hivyo.

Hakijasema. Na ukifuata kwa nini hakijasema, unafika mbali: India ya kale, watawa waliovuka majangwa na mizigo ya vitabu, mlango wa nyumba ya Mjapani, na hiyo simu uliyoshika sasa hivi. Twende taratibu.

Vipande viwili, jumla nyingine kabisa

Kichina huandikwa kwa alama ambazo kila moja, kwa kawaida, ni silabi moja na ina maana yake. Lakini maneno mengi ya Kichina cha leo yana alama mbili. Hapo ndipo mtego ulipo: mtu akijua maana ya alama moja moja anadhani ameshajua maana ya neno.

Jaribu mwenyewe. Alama ya "mashariki" ikifuatwa na "magharibi" (东西, dōngxi) unapata neno gani? "Kitu". Kitu chochote tu: kikombe, kiatu, mzigo. "Farasi" na "juu" (马上, mǎshàng) ni "sasa hivi". "Ndogo" na "moyo" (小心, xiǎoxīn) ni "kuwa mwangalifu". Dereva wa Kichina akikupigia kelele "xiǎoxīn!" hakusemi kwamba una moyo mdogo. Anakuambia angalia, gari hilo!

Na sisi tunayo hayo. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuambia kwamba "mwanasheria" ni mtoto wa sheria, utacheka kidogo kisha utamwelekeza. Akisema Waswahili wanaamini kwamba kila asubuhi kinywa kimefungwa na kinahitaji ufunguo, ndiyo maana wana "kifungua kinywa", utamwambia hapana bwana, hayo ni maandazi na chai tu.

Turudi kwenye 危机, inayotamkwa wēijī. Kipande cha kwanza, wēi, kweli ni hatari. Hapo mhamasishaji yuko sahihi. Kipande cha pili, jī, ndicho chenye kesi. Alama hii ilihusu mitambo: kifyatulio cha upinde, mtambo wa kufumia nguo. Kutoka hapo ikabeba maana ya pale jambo linapogeukia, ile nukta ambayo mambo yanaweza kwenda huku au kule. Kwa hiyo wēijī ni nukta ya hatari, wakati ambapo mambo yamefika pabaya. Mchina wa kawaida akisikia neno hilo anasikia unachosikia wewe ukiambiwa "mgogoro". Wala hapati faraja yoyote.

"Fursa" kwa Kichina ni 机会, jīhuì. Ndiyo, jī imo humo ndani. Lakini imo pia kwenye 飞机 (fēijī), ndege ya abiria, kwenye 手机 (shǒujī), simu ya mkononi, na kwenye 司机 (sījī), dereva. Kama jī peke yake ingekuwa fursa, basi simu yako ingekuwa "fursa ya mkononi" na ndege ingekuwa "fursa inayoruka". Wauzaji wa simu wangefurahi, lakini hesabu haikubali.

Hadithi hii ina umri. John F. Kennedy aliitumia kwenye hotuba mwaka 1959, kabla hajawa rais wa Marekani, na tangu hapo imezunguka dunia. Victor Mair, profesa wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ameandika kwa kirefu kueleza kwa nini si kweli. Bado ipo. Maneno matamu yana miguu mirefu kuliko masahihisho.

Neno huvuka mpaka kwa njia mbili

Kama maana ya neno haitokani na kujumlisha vipande, basi inatoka wapi? Njia nzuri ya kujibu ni kuangalia maneno ambayo safari yake tunaijua vizuri. Na hakuna kundi zuri la kusomea kama maneno ya Ubuddha yaliyotoka India, yakaingia China, kisha Japani.

Ubuddha ulianza kuingia China mnamo karne ya kwanza. Mwaka 148 mtawa kutoka Parthia, anayejulikana kwa jina la Kichina An Shigao, alifika mji wa Luoyang na kuanza kutafsiri. Tatizo lake mtafsiri yeyote analijua: una wazo ambalo lugha ya wenyeji haina neno lake. Ufanyeje?

Njia ya kwanza ni kubeba sauti. Unaliacha neno kama lilivyo na kulitamka kadiri ulimi wako unavyoweza. Sisi tumefanya hivyo mara nyingi. Neno "chai" lenyewe ni la Kichina, chá, lililopita Uajemi likawa chāy kabla ya kufika kwetu.

Njia ya pili ni kubeba maana. Unachukua neno la nyumbani, au unaunganisha maneno ya nyumbani, na kulipa kazi mpya. Watafsiri wa mwanzo walifanya hivyo. Mwamko wa Buddha, ambao kwa Kisanskriti ni bodhi, waliuita dào, "njia", neno la dini ya Kidao iliyokuwepo China tayari. Nirvana waliiita wúwéi, nalo ni neno la Kidao lenye maana ya kutolazimisha mambo. Wasomaji walielewa haraka. Ubaya wake ni kwamba walielewa kitu kingine. Walisoma Ubuddha wakapata Udao.

Baadaye wakaja mafundi wa kazi. Kumārajīva, aliyezaliwa Kucha (leo ni Xinjiang), aliletwa Chang'an mwaka 401 na kutafsiri akiwa na kundi kubwa la wasaidizi. Yeye alifananisha kutafsiri na kumtafunia mtu mwingine wali kisha kumlisha: ladha inakuwa imeshaondoka, na aliyelishwa anaona kinyaa.

Halafu Xuanzang. Huyu alitoka China kwenda India kwa miguu na wanyama, akasoma kwenye chuo cha Nālandā, akarudi Chang'an mwaka 645 akiwa na maandiko 657. Maisha yake yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 664, alitafsiri. Mnara uliojengwa mwaka 652 kuhifadhi vitu alivyoleta upo hadi leo mjini Xi'an.

Kuna kanuni tano zinazohusishwa na Xuanzang kuhusu wakati wa kutotafsiri, yaani wakati wa kubeba sauti tu. Moja, neno likiwa la siri, kama maneno ya kukariri yenye nguvu za kidini. Mbili, likiwa na maana nyingi kwa pamoja. Tatu, kitu chenyewe kikiwa hakipo China, kama mti wa jambu wa India. Nne, likiwa limeshazoeleka tangu zamani. Tano, ukilitafsiri litapoteza heshima yake.

Hiyo ya tano inavutia. Mfano wake ni prajñā. Unaweza kusema "hekima" ukamaliza. Lakini hekima ya aina gani, ya mzee anayejua bei za ng'ombe mnadani? Wakaona bora libaki bōrě, lisikike geni, ili msomaji asimame kidogo afikiri. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Hakuna anayemaliza sala kwa kutafsiri "amina", na mhasibu wa msikiti anajua tofauti ya "zaka" na mchango wa kawaida bila kuhitaji neno la Kibantu.

Sauti inafika, lakini inachoka njiani

Kubeba sauti kunaonekana salama, si ndiyo? Neno ni lilelile. Angalia basi.

Kisanskriti kina dhyāna, kutafakari kwa kina. Wachina wakaliandika 禅那, chánnà. Likafupishwa, likabaki chán. Likavuka bahari kwenda Japani, likawa zen. Korea likawa seon, Vietnam likawa thiền. Ukiweka dhyāna na zen mezani huoni hata undugu, ila ukifuata hatua moja moja hakuna kilichoruka. Leo zen imefika madukani, imebandikwa kwenye sabuni na mishumaa, na maana yake huko ni kama "tulia tu".

Prajñā nalo likafika Japani, likawa hannya. Bado linasomwa kwenye maandiko ya dini kwa maana yake ya kale. Lakini Mjapani mwingine ukimtajia hannya picha inayomjia ni barakoa ya tamthilia ya Noh: mwanamke mwenye pembe, aliyegeuzwa kuwa zimwi na wivu. Kutoka hekima mpaka wivu wenye pembe!

Halafu kuna kṣaṇa. Hapa wapenda hesabu mkae vizuri. Kṣaṇa ni kipande kidogo kabisa cha muda, nacho kwa Kichina ni chànà, kwa Kijapani setsuna (刹那). Kitabu cha Vasubandhu kiitwacho Abhidharmakośa, ambacho Xuanzang alikitafsiri, kinatoa vipimo vyake. Kṣaṇa 120 ni tatkṣaṇa 1. Tatkṣaṇa 60 ni lava 1. Lava 30 ni muhūrta 1. Muhūrta 30 ni usiku na mchana mmoja.

Tupige: 120 × 60 × 30 × 30 = 6,480,000. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya, kṣaṇa moja ni takriban sekunde 0.013, yaani sekunde moja ina kṣaṇa 75. Filamu ya sinema kwa kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, na jicho lako linaona mwendo usiokatika. Kṣaṇa ni fupi kuliko picha moja ya filamu, karibu mara tatu. Wanafalsafa hao hawakuwa na saa ya kupima hivyo, na hawakudai wamepima. Walitaka kusema kwamba mambo yanazaliwa na kufa haraka kuliko unavyoweza kuona.

Neno likaendelea na safari. Kwenye hesabu za Kichina na Kijapani likageuka kuwa jina la namba ndogo sana: moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 18. Na kwa namba kubwa ikawa hivyohivyo. Gōgasha (恒河沙), "mchanga wa mto Ganges", lilikuwa neno la mahubiri la kusema "nyingi mno". Kwa orodha ya namba inayotumika Japani leo ni 1 yenye sifuri 52. Fukashigi (不可思議), "lisilofikirika wala kuelezeka", ni 1 yenye sifuri 64. Majina haya yalienea Japani kupitia Jinkōki, kitabu cha hesabu cha Yoshida Mitsuyoshi kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1627 kikarudiwa mara nyingi. Lisiloelezeka likapewa namba yake. Mitaani, wakati huohuo, kifupi chake fushigi kina maana ya "ajabu" tu.

Kwetu "dakika" ina historia inayokaribiana. Kwa Kiarabu inatokana na neno la kitu chembamba, kidogo sana. Sasa ni sekunde 60 kamili, isipokuwa fundi akikuambia "nipe dakika mbili".

Maana nayo inapinduka

Sasa njia ya pili, kubeba maana. Hapa mambo yanapinduka zaidi.

Chukua upāya. Kwenye Ubuddha ni mbinu ya kufundisha inayomfaa msikilizaji. Mfano maarufu uko kwenye Sutra ya Lotus, ambayo Kumārajīva aliitafsiri mwaka 406. Nyumba inaungua, watoto wako ndani wanacheza, hawasikii. Baba anawaambia nje kuna magari mazuri ya kuchezea, wanatoka mbio. Aliwadanganya? Aliwaokoa? Hiyo ndiyo upāya. Kichina kikaiita 方便, fāngbiàn, kitu kama "mbinu inayofaa".

Leo China, fāngbiàn ni "rahisi, isiyo na usumbufu". Tambi za kumwagia maji ya moto ukala huitwa fāngbiàn miàn. Na mtu wa heshima akisema anakwenda "fāngbiàn" kidogo, usimfuate: anakwenda msalani. Japani, alama hizohizo zinasomwa hōben, na zimebaki karibu na yule baba wa nyumba inayoungua. Wana msemo: hata uongo ni hōben. Yaani kuna uongo unaoruhusiwa kwa ajili ya wema. Maandishi ni yaleyale, lakini huku yamekwenda chooni na kule yamekuwa falsafa ya kusema uongo mdogo.

Kijapani kina mengine ya namna hii:

*Gaman* (我慢). Kwenye maandiko ni kosa la moyo: kiburi cha kujiona "mimi". Kikageuka kuwa ukaidi, mtu asiyelegeza. Ukaidi ukageuka kuwa uvumilivu. Leo gaman ni sifa njema, kustahimili bila kulalamika, na lilitajwa sana baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011. Dhambi imekuwa fadhila, na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

*Danna* (旦那). Linatokana na dāna, kutoa, sadaka. Aliyetoa akaitwa hivyo, mfadhili wa hekalu. Kisha bwana mwenye nyumba. Kisha mume. Mama wa Kijapani akimtaja danna wake anamtaja mumewe, hata kama mume huyo hajatoa kitu mwezi wa tatu sasa.

*Genkan* (玄関). Lilikuwa lango la kuingilia mafundisho ya kina. Likawa mlango wa hekalu la Zen, kisha wa nyumba za wakubwa, kisha wa nyumba yoyote. Ni pale unapovulia viatu.

*Aisatsu* (挨拶). Alama mbili zenye maana ya kusukuma na kubana. Watawa wa Zen walibanana kwa maswali ili kupima nani ameelewa. Leo ni salamu. Ukifikiria, si ajabu sana: na sisi ukimsalimia mtu vizuri, "habari za nyumbani, za kazi, za watoto", mpaka mnafika mwisho umeshajua hali yake yote.

Hapo ndipo unapoona ubovu wa ule ubao wa semina. Ukisimama Tokyo ukatangaza kwamba salamu ya Kijapani "kwa kweli" ni kusukumana, au kwamba uvumilivu wao "kwa kweli" ni kiburi, umesema jambo sahihi kuhusu historia na jambo la uongo kuhusu watu walio mbele yako. Asili ya neno inakuambia lilikotoka. Haikuambii liko wapi leo.

Lakini usidhani ya kale yamekufa

Kuna upande wa pili, na tusiurukie. Wakati mwingine maana mpya imeenea huku maana ya kale bado ina wenyewe.

Kijapani kina maneno *tariki hongan* (他力本願). Kwa wafuasi wa Jōdo Shinshū, madhehebu yaliyoanzishwa na Shinran (1173–1262), ni kiini cha imani: binadamu haokoki kwa nguvu zake, bali kwa nguvu ya nadhiri ya Buddha Amida. Mitaani maneno hayohayo yamekuwa lawama. Timu isiyojituma, inayongoja wapinzani wafungwe ili yenyewe ipite, inaambiwa inategemea tariki hongan. Mwaka 2002 tangazo moja la gazetini liliwahimiza watu waachane na tariki hongan. Waumini walilalamika. Kwao ilikuwa kana kwamba mtu ametangaza "achaneni na neema".

Nani alikuwa sahihi? Kamusi ilikuwa na maana zote mbili. Kwa hiyo kusema "maana ni matumizi" hakukupi ruhusa ya kusahau kwamba watumiaji ni wengi, na hawafanani.

Tarehe ni shahidi mzuri

Utasikia pia kwamba *arigatō*, asante ya Kijapani, imetokana na obrigado ya Kireno. Zinafanana kidogo, na Wareno kweli walifika Japani. Tena kweli waliacha maneno: mkate kwa Kijapani ni pan, kutoka Kireno pão. Pwani yetu nayo inawajua vizuri, ndiko tulikopata "meza", "leso" na "gereza".

Ila angalia tarehe. Wareno walifika Japani mwaka 1543. Neno arigatashi, mzazi wa arigatō, liko kwenye maandishi ya Kijapani karne nyingi kabla ya hapo, likiwa na maana ya "jambo lililo nadra, gumu kuwepo". Kutoka "nadra" likaja "la thamani", kisha shukrani. Mtoto hawezi kumzaa babu yake. Kufanana kwa sauti ni dokezo, bado si ushahidi.

Haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana, hasa sisi tunaojaribu kuandika sayansi kwa Kiswahili. Kila wiki tunakutana na swali la Xuanzang: nibebe sauti au nibebe maana? Niseme "kompyuta" au "tarakilishi"?

China ilipitia hayohayo na simu. Mwanzoni waliibeba kwa sauti, délǜfēng, jaribio la kutamka "telefoni". Huko Japani wakaunganisha "umeme" na "maneno" wakapata denwa (電話). China ikalichukua, ikalitamka diànhuà, na délǜfēng likafa. Japani ya wakati huo ilikuwa inatunga maneno kwa kasi. Nishi Amane alitunga tetsugaku, "falsafa", na kulitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1874. Mengine hayakutungwa, yalivalishwa nguo mpya: ishiki (意識), neno la Kibuddha la aina mojawapo ya utambuzi, likawa neno la saikolojia la kujitambua. Watawa wa kale waliandaa msamiati ambao wasomi wa karne ya 19 waliukuta umeiva.

Kwa hiyo usihukumu mapema. Maana ilishinda kwenye simu, sauti ilishinda kwenye zen. Hakuna njia iliyo bora siku zote, na baraza lolote linaweza kupendekeza, ila sokoni ndiko neno linakopitishwa au kukataliwa.

Na sisi tuliipataje simu yetu? "Simu" ni neno la Kiajemi, sīm, maana yake waya. Ulikuwa ukipiga simu kwa waya. Sasa waya haupo, jina limebaki, na hakuna hata mtu mmoja anayetuhumu "simu ya mkononi" kuwa ni uongo. Hata "chai" uliyokunywa asubuhi ni jani, ni kifungua kinywa kizima, na mbele ya afisa fulani mwenye tamaa ni rushwa. Yote matatu ni Kiswahili safi. Hakuna hata moja utakalolipata kwa kuitazama alama ya Kichina 茶, ambayo ina majani juu na haina afisa hata mmoja.

Basi mtu akikuletea alama za Kichina au Kijapani na kukuambia kwamba ndani yake kuna siri ya maisha, muulize maswali matatu. Wazungumzaji wa lugha hiyo leo wanalitumiaje neno hilo? Kipande hichohicho kikiwa kwenye maneno mengine, maana uliyoipa inakubali? Na tarehe zinasemaje? Wēijī inafeli swali la kwanza na la pili. Arigatō ya Kireno inafeli la tatu.

Na kama ushauri wa mhamasishaji ni mzuri, utasimama bila kuegemea Kichina. Kama haukusimama, heri umejua kabla hujasaini mkopo.